Kifuniko kinachovimba mchana

Mama mmoja mfanyabiashara wa asali alikuja kiwandani kwetu, Dar es Salaam, akiwa na kifuniko kimoja tu ndani ya kikapu. Ndoo zake za lita 20 zilikuwa zimetoka Tabora kwa lori, zimepangwa juu kwa juu, na alipozishusha alikuta asali imechuruzika hadi kwenye mbao za lori.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie hiki. Mimi si fundi, lakini hakikai."

Akakilaza mezani. Hakikulala. Kilivimba katikati kama kofia. Ukikipindua na kukibonyeza upande wako kinainuka upande wake. Ule mdomo wa pembeni unaotakiwa kuung'ang'ania ukingo wa ndoo ulikuwa umevutika kuelekea ndani. Ndani ya kikapu alikuwa amehifadhi pia karatasi iliyobandikwa kwenye kifurushi chake, ina namba ya mashine na shifti. Mashine namba saba, shifti ya mchana. Niliona aibu, kwa sababu tatizo lile tulikuwa tunalijua kwa wiki tatu. Tulikuwa tunalihangaikia kila siku, na kila siku tulikuwa tunalizidisha.

Kwa asiyewahi kuingia kiwanda cha plastiki, kazi yenyewe ni hii. Chembe za plastiki, dana kama tunavyoziita, zinamiminwa kwenye hopa. Zinashuka ndani ya pipa la chuma lililozungukwa na hita, na ndani yake skrubu inazunguka, inazisaga na kuziyeyusha mpaka ziwe uji mzito. Kisha skrubu ileile inasonga mbele kwa nguvu na kuusukuma uji ndani ya moldi, yaani kalibu ya chuma yenye pande mbili zilizobanwa kwa nguvu ya mamia ya tani. Maji yanapita kwenye mifereji iliyotobolewa ndani ya chuma hicho, plastiki inaganda, moldi inafunguka, kifuniko kinadondoka. Kwetu safari yote hiyo ilikuwa inachukua sekunde 24. Kuanzia hapo ni kurudia, mchana na usiku.

Ukisimama mbele ya skrini ya mashine utaona namba nyingi: joto la kila kanda ya pipa, kasi ya kusukuma, presha ya kujaza, presha ya kushindilia, muda wa kupoza, mwendo wa skrubu. Kila namba inaweza kuguswa, na hapo ndipo ugonjwa wetu ulipoanzia. Shifti ya mchana ikiona kifuniko kimevimba inapandisha presha ya kushindilia, kwa hoja kwamba kitu kikisinyaa basi hakikushiba. Shifti ya usiku inakuta plastiki imeanza kuchungulia pembeni ya moldi kama ndevu, inashusha presha na kupandisha joto. Asubuhi mchana wanarudi, wanapandisha tena. Nilipofungua daftari la mashine namba saba nilihesabu mabadiliko 41 ndani ya wiki tatu, na hakuna hata moja lililoandikwa sababu.

Mzee wetu wa moldi, ambaye amezifungua na kuzifunga moldi tangu baadhi yetu hatujaanza shule, alilitazama daftari lile kwa muda mrefu kisha akasema, "Mnampa mgonjwa dawa kumi na hamjamgusa paji la uso."

Basi tukaanza upya, na tukaanza na kifuniko chenyewe.

Kifuniko cha duara ambacho plastiki inaingilia katikati kinaweza kupinda kwa namna mbili kubwa. Ikiwa plastiki imesinyaa zaidi kutoka katikati kwenda pembeni kuliko ilivyosinyaa kuzunguka duara, mzingo unabaki mrefu kuliko nafasi iliyopo, na kifuniko kinakuwa na umbo la tandiko la punda: pande mbili juu, pande mbili chini. Ikiwa mzingo ndio uliosinyaa zaidi, unabana kama mkanda, na katikati panakosa pa kwenda ila juu. Hilo ndilo umbo la bakuli lililopinduliwa. Chetu kilikuwa bakuli. Kwa hiyo, kabla ya kugusa kitu chochote, tulikuwa na habari moja ya uhakika: pembeni palikuwa panasinyaa kuliko katikati, au upande wa ndani wa kifuniko ulikuwa unasinyaa kuliko upande wa nje. Au yote mawili.

Kusinyaa kwenyewe hakukwepeki. Vifuniko vyetu ni vya polithini nzito, ile ya ndoo na madumu, na plastiki hiyo inasinyaa kati ya asilimia 1.5 na 4, wakati ABS, ile ya maganda ya redio na televisheni, haifiki hata asilimia moja. Kifuniko cha kipenyo cha sentimita 30 kikisinyaa kwa asilimia 2 kimepoteza milimita 6. Sababu ni kwamba minyororo ya polithini inapopoa hujipanga, inalala sambamba na kukaa karibu karibu kama kuni zilizofungwa mzigo. Ikipewa muda, yaani ikipoa polepole, inajipanga zaidi na kusinyaa zaidi. Ikipozwa ghafla inagandia ilipo. Kwa hiyo sehemu yoyote ya kifuniko inayochelewa kupoa ndiyo itakayowavuta wenzake. Mchonga moldi anajua hilo na huikata moldi kubwa kuliko kitu anachotaka. Asichoweza kukijua akiwa na chuma chake mkononi ni kama sehemu zote zitapoa sawasawa.

Kuhusu kushindilia, nataka nikae kidogo, maana ndipo tulipojidhuru zaidi. Mashine ikishajaza moldi kwa kasi hadi karibu asilimia 95, inaacha kufuata kasi na kuanza kufuata presha: inaendelea kuusukuma uji kidogo kidogo ili kufidia nafasi inayoachwa na kusinyaa. Ni kama kushindilia pamba kwenye gunia. Lakini njia ya kuingilia, geti, ni nyembamba na mapema au baadaye nayo inaganda. Ikishaganda, presha yote unayoweka inaishia mlangoni. Na kabla haijaganda, wanaofaidi zaidi ni walio karibu na mlango. Katikati ya kifuniko palikuwa panashindiliwa vizuri, pembeni panapata makombo. Kila shifti ya mchana ilipopandisha presha, katikati palizidi kushiba na kusinyaa kidogo, pembeni pakabaki palepale, na uvimbe ukakua. Dawa yetu ilikuwa inalisha ugonjwa.

Kujua geti linaganda lini hakuhitaji kifaa cha gharama. Kunahitaji mizani. Tuliweka muda wa kushindilia sekunde 2, tukapima uzito wa kifuniko: gramu 148.1. Sekunde 4, gramu 150.6. Sekunde 6, gramu 152.0. Sekunde 7, gramu 152.3. Sekunde 8, gramu 152.3. Sekunde 9, hivyohivyo. Uzito ukiacha kuongezeka, mlango umefungwa. Sisi tulikuwa tunashindilia kwa sekunde 11. Sekunde nne kamili mashine ilikuwa inasukuma mlango uliofungwa, huku meneja akilalamika kwamba mzunguko ni mrefu.

Jambo la pili ni joto. Skrini ilikuwa inaonyesha nyuzi 220 kanda zote, na kila mtu alikuwa anasema "uji uko mia mbili ishirini." Tulipousukuma uji nje, tukauweka juu ya ubao na kuuchoma kwa kipimajoto cha sindano, ulisoma 241. Sensa za pipa, yaani vipimajoto vyake, zinapima chuma, hazipimi plastiki. Skrubu inapozunguka inasugua uji dhidi ya ukuta, na msuguano huo unaleta joto ambalo hita haijui habari zake. Hapo zamani mashine hizi hazikuwa na skrubu. Ile ya kwanza, ya ndugu wawili Hyatt waliopewa hataza Marekani mwaka 1872, ilisukuma kwa bomba tu kama bomba la sindano, na skrubu ilikuja na James Watson Hendry mwaka 1946. Ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu skrubu inachanganya na kuyeyusha kwa usawa. Lakini ilimaanisha pia kwamba mwendo wa skrubu ukawa hita nyingine. Opareta akiongeza mzunguko ili dana ziyeyuke upesi, ameongeza joto bila kugusa kitufe cha joto.

Jambo la tatu karibu tulikose kabisa: tulikuwa tunapima vifuniko vikiwa vya moto. Mkaguzi anachukua kifuniko kimetoka sasa hivi, anakivalisha ndoo, kinakaa, anapitisha. Kumbe polithini inaendelea kusinyaa ikiwa juu ya meza, na sehemu kubwa ya kusinyaa huko inakamilika katika saa 24 za mwanzo. Kifuniko kilichopita ukaguzi saa nane mchana kilikuwa kinapinda taratibu ndani ya kifurushi saa nane usiku, hakuna anayekitazama. Tangu siku ile tunapima mara mbili: kikitoka, na kesho yake saa ileile, kikiwa kimepinduliwa juu ya kioo kinene cha meza, kwa kupenyeza fila geji, yaani vipande vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya, chini ya sehemu iliyoinuka zaidi. Vile vya mchana vilikuwa vinasoma milimita 4.8. Vya usiku, 2.6.

Hiyo tofauti ya mchana na usiku ndiyo iliyotupeleka kwenye maji.

Nitasema jambo ambalo naliamini kwa moyo wote baada ya miaka yangu kwenye kazi hii: viwanda vyetu vinapenda kuzungumzia presha na joto, na maji tunayachukulia kama ya kuoshea. Lakini zaidi ya nusu ya muda wa mzunguko kwa kawaida ni kupoza. Kifuniko kinazaliwa ndani ya maji yale. Na muda wa kupoa unakua kwa mraba wa unene: ukuta wa milimita 2 ukiufanya milimita 3, hukuongeza nusu, umeongeza zaidi ya maradufu, mara 2.25. Hakuna kitufe kwenye skrini kinachoweza kubishana na hilo.

Moldi yetu ilikuwa imeungwa mabomba kwa namna ambayo aliyeiunga bila shaka alikuwa na haraka na vichwa vya mabomba vichache. Upande wa nozeli, yaani mdomo wa pipa unaoingiza uji, unaotengeneza uso wa nje wa kifuniko, ulikuwa kwenye chila, mashine ya kupoza maji kama friji, maji ya nyuzi 14. Upande unaotembea, unaotengeneza ndani ya kifuniko, ulikuwa kwenye mnara wa kupozea ulioko nje.

Sasa mnara unapoza kwa kuvukiza, kama mtungi. Na kila aliyekulia Dodoma kisha akahamia pwani anajua kwamba mtungi wa pwani haupoi kama wa Dodoma. Hewa yetu tayari imeshiba unyevu, haina nafasi ya kupokea mvuke mwingi. Ukifunga kitambaa kilicholowa kwenye kipimajoto hapa Dar miezi ya joto, kitasoma nyuzi 25 hivi, na maji ya mnara hayawezi kushuka chini ya hapo hata ungeweka feni ukubwa wa nyumba. Mchana, mashine zote zikifanya kazi, maji yetu yalikuwa yanafika nyuzi 32. Usiku, nusu ya mashine zikiwa zimezimwa, yalikuwa 28.

Tuliposimamisha mashine katikati ya kazi na kugusisha kipimajoto kwenye chuma cha moldi, upande wa nozeli ulisoma 22 na upande unaotembea ukasoma 51. Nyuzi 29 za tofauti kwenye kitu cha unene wa milimita 2! Upande wa ndani wa kifuniko ulikuwa unachelewa kupoa, ukijipanga kwa raha zake, ukisinyaa kuliko wa nje na kukikunja kifuniko kuuelekea. Bakuli.

Lakini nyuzi 32 za maji peke yake hazielezi nyuzi 51 za chuma. Mzee wa moldi akasema tufungue mabomba ya kutokea, moja moja, tukinge maji kwenye ndoo. Tukachukua ndoo zetu wenyewe za lita 10 na saa ya simu. Mkondo wa kwanza uliijaza ndoo kwa sekunde 58. Wa pili, dakika moja na sekunde 5. Wa tatu tulisimama. Tukaendelea kusimama. Dakika nane na nusu.

Maji yetu ni ya kisima, magumu, yana chumvi, na miaka kadhaa ya kupita kwenye chuma cha moto yalikuwa yamejenga ukoko mweupe na kutu ndani ya mfereji, kama ule ulio chini ya birika. Hasara hapo ni mbili. Ukoko wenyewe unazuia joto. Na maji yanayopita kidogo hupita kwa utulivu: yale yaliyo karibu na ukuta yanapata moto, ya katikati yanapita zake bila kuugusa. Osborne Reynolds alilionyesha hilo Manchester mwaka 1883, kwa kuchirizisha rangi ndani ya bomba la kioo na kutazama lini uzi wa rangi unavurugika. Kwa kupoza moldi tunataka ule mvurugiko. Mfereji wa milimita 10 ukiwa na maji ya nyuzi 30 unahitaji angalau lita moja na nusu kwa dakika ili uanze kuupata, na kuuzidi sana ndiyo vizuri. Mkondo wetu wa tatu ulikuwa unatoa lita 1.2.

Tuliishusha moldi Jumamosi jioni. Tuliusukumia mkondo ule asidi ya kuondolea ukoko, tukiwa na glovu na miwani na milango wazi, tukausuuza mpaka maji yakatoka safi, tukaupima tena: dakika moja na sekunde 10. Kisha tukaziunga pande zote mbili kwenye laini moja ya chila na kuipandisha kutoka nyuzi 14 hadi 20. Kuipandisha kulizua ubishi mkubwa, maana mtu anaona chila ni mali, kwa nini aitumie nusu? Sababu ni jasho. Masika hapa kiwango cha umande kinafika nyuzi 24 na kitu. Chuma chochote kilicho baridi kuliko hapo kinatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji, na jasho hilo likiwa juu ya uso wa moldi linaacha alama kwenye kifuniko na kutu kwenye chuma. Kwa maji ya nyuzi 20 na uji wa moto kila sekunde 20 na ushei, uso wa moldi ulibaki juu ya umande. Ila mashine ikisimama, maji lazima yafungwe. Tumeandika hivyo kwa kalamu nene ukutani.

Kusafisha na kuunga upya mabomba peke yake kulishusha uvimbe wa mchana kutoka 4.8 hadi 1.9. Hatukuwa tumegusa namba hata moja kwenye skrini.

Hapo ndipo niliporuhusu tuanze kutafuta namba nzuri. Tulichagua mambo manne: joto la uji, joto la maji, presha ya kushindilia na muda wa kupoza, kila moja kwa viwango vitatu. Kuyajaribu yote ni michanganyiko 81, na hakuna kiwanda kitakachokupa mashine kwa muda huo. Genichi Taguchi, mhandisi wa Japani, ndiye aliyeyaeneza viwandani majedwali yanayopanga majaribio ili kila kiwango cha kila jambo kikutane kwa haki na viwango vya mengine, na jedwali lake linaloitwa L9 linamaliza mambo manne kwa majaribio 9. Tulilifanya Jumapili mbili. Kila jaribio tuliacha vifuniko 30 vya mwanzo vipite mpaka moldi itulie, tukachukua vitano, tukavilaza kwa saa 24, tukapima.

Naliheshimu jedwali lile lakini siliabudu. Kwa majaribio tisa haliwezi kukuambia jambo moja linapobadilisha tabia ya jingine, na kwenye plastiki mambo hayo yanagusana sana. Kwa hiyo mshindi wa jedwali lazima apelekwe kwenye shifti nzima kabla ya kuaminiwa. Kwetu kilichotikisa uvimbe zaidi ni presha ya kushindilia, kisha joto la maji. Joto la uji, ambalo shifti zetu mbili zilikuwa zikigombania kwa wiki tatu, lilikuwa na uzito mdogo kuliko yote. Tulimaliza na presha ndogo kwa theluthi moja kuliko ya mchana wa zamani, kushindilia sekunde 7, skrubu ya mwendo wa pole zaidi na uji wa nyuzi 228 kwa sindano. Uvimbe ukawa milimita 0.8, mchana na usiku.

Meneja aliuliza swali lake, na lilikuwa swali la haki: sekunde ngapi? Zile sekunde nne za kusukuma mlango uliofungwa tuliziondoa, moja tukairudisha kwenye kupoza. Mzunguko ukatoka 24 hadi 21. Kutoka vifuniko 150 kwa saa hadi 171. Kwa shifti ya saa 12 ni zaidi ya vifuniko 250 vya ziada, na vinavyolala mezani. Alitaka 19. Tulimtolea kwa sekunde 19, tukamwekea vya kwake na vya kwetu juu ya kioo, tukamwomba arudi kesho yake. Alirudi, akapenyeza fila geji mwenyewe, akasaini 21.

Mama wa asali tulimpigia simu. Kabla ya kumpa mzigo mpya tuliijaza ndoo maji, tukaifunika, tukaipindua kichwa chini kwenye sakafu kavu ya ofisi usiku kucha. Asubuhi alikuja akainama, akapitisha kiganja kuzunguka ukingo wote, taratibu, kisha akakitazama kiganja.

"Kikavu," akasema. "Nipe mia mbili."

Daftari la mashine namba saba sasa lina safu mpya mwishoni, ya maji. Wiki iliyopita nililikuta limejazwa na opareta wa usiku, kijana aliyeanza kazi mwaka huu, kwa mwandiko wa kubanana: "Saa 9 usiku. Mkondo wa 3, ndoo dk 1 sek 40. Umepungua. Sijagusa presha. Nimemwita mzee."